Vitabu vya Kamari Kabatini mwa Mama

Nina vitabu arobaini na kitu vya kamari, na maisha yangu yote sijacheza kamari hata ya kushindania peremende. Nasema hili mapema kwa sababu nawajua watu wetu. Mwambie mtu wa Pemba kwamba mwanamke wa makamo, mwalimu wa sekondari, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, amekusanya vitabu vya poka na dadu kwa zaidi ya miaka ishirini, hatakuuliza vinasema nini. Atakuuliza, "Na mumewe anajua?" Mume sina. Tuliachana zamani kwa mambo mengine kabisa, na vitabu havikutajwa katika kesi ile.

Cha kwanza nilikipata bure. Katika skuli niliyoanzia kazi, Chake Chake, alikuwapo mwalimu wa kujitolea kutoka nje aliyefundisha fizikia. Muda wake ulipokwisha aliacha boksi la vitabu katika chumba cha walimu, na wenzangu wakalivamia bila aibu. Kamusi zilikwenda mwanzo, kisha vitabu vya kemia, kisha riwaya. Mimi nilikuwa darasani. Nilipofika kimebaki kitabu kimoja kisicho na jalada la nyuma, na mbele zimechorwa karata za ree, zote nne, zimepangwa kama vidole. Hakuna aliyekitaka. Nilikichukua kwa sababu ya zile ree.

Karata nilizijua tangu utotoni. Nyumbani kwetu Wawi, mchana wa Ramadhani, kabla ya wakubwa kuanza shughuli za futari, binamu zangu walitandika mkeka uani tukacheza wahed wa sitini. Aliyeshindwa alivishwa ungo kichwani na kukaa nao mpaka ashinde. Mama alitukataza kwa mdomo tu. Akipita na ndoo alisema, "Mnafunga na karata mkononi?" na akirudi alisimama nyuma yangu kidogo, akatazama turufu ni ipi, kisha akaenda zake. Siku hizi nikisikia harufu ya mkeka mpya uliochomwa na jua huwa namwona amesimama pale.

Basi kitabu kile nilikisoma kwa siku tatu, kamusi iko mkono wa kushoto. Nilitarajia maarifa ya kuiba. Nikakuta hesabu. Zile hesabu za bahati nilizosomeshwa chuoni kwa sarafu na mipira ya rangi ndani ya mfuko, ambazo niliwafundisha watoto wa watu huku mwenyewe nikizuia miayo, humu zilikuwa na watu ndani yake. Mtu kashika karata mbili, za wenziwe hazioni, na lazima aamue sasa hivi. Mwandishi alisema jambo moja ambalo sijalisahau: karata ikishagawiwa ni yako, hata kama bado imelala kifudifudi mezani na hujaifunua. Wanaocheza vibaya, alisema, huhesabu tangu pale karata zinapofunuliwa. Nilipigia mstari kwa penseli, na mimi si mtu wa kuchora vitabu.

Nikaingiwa na uchu. Kila nilipokwenda Unguja kwa kazi za mitihani, nilipita kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba wanaotandika chini, na mmoja wao alikuja kunijua. Akiniona kwa mbali alipaza sauti, "Mwalimu, kimekuja cha bwana!" Aliamini namnunulia mume. Sikumsahihisha, maana mwanamke anayemnunulia mume kitabu cha kamari ni mke mwema, na anayejinunulia mwenyewe ni kisa. Rafiki yangu niliyesoma naye, anayeishi Dar es Salaam, alinitumia vingine kwa boti, kavizungushia kanga. Siku moja askari wa bandarini alikifungua kifurushi mbele ya watu, akakuta picha ya meza ya kijani na wanaume wenye sigara. Alinitazama mimi na buibui langu, akatazama picha, akakifunga tena taratibu. "Pita, Bi," alisema, kama aliyeona siri ya nyumba ya mtu.

Vilikuwa vya kila namna. Vingine vya hesabu tupu. Vingine ni vya watu waliofilisika wakieleza namna walivyofilisika, na hao ndio waandishi wazuri kuliko wote, sijui kwa nini. Kimoja ni cha Kitaliano, lugha nisiyoijua neno, nilikinunua kwa michoro ya karata za kale. Humo niliona vikombe na panga zimechorwa badala ya alama tunazozijua, na chini yake pameandikwa coppe na spade, ndipo nikafahamu majina ya kopa yetu na shupaza yetu yalikotoka. Nilifurahi wiki nzima na sikuwa na wa kumwambia.

Poka yenyewe nimeicheza mara moja tu. Mwenzangu aliyefundisha biolojia alinisihi nimfundishe, tukajifungia maabara siku ya Jumamosi, komwe za bao ndizo pesa zetu. Mimi niliyesoma vitabu kumi na saba wakati ule nilifilisiwa komwe zote kwa nusu saa. "Uso wako hausitiri kitu," alisema akicheka. "Ukipata karata nzuri unashusha pumzi." Nilinuna kutwa nzima.

Siku hizi wanafunzi wangu wa kiume wanabashiri mpira kwa simu, na nikiwaonyesha ubaoni kwamba mwenye mchezo hapotezi kamwe, wananiuliza nimejuaje. Nawaambia nimesoma. Hapo angalau vitabu vimenifaa bila lawama.

Lakini nilikusudia kuhadithia habari ya kabati.

Vitabu vyangu vyote nilivivika karatasi ya kaki, kama tunavyovika madaftari ya skuli. Niliona haya, ndiyo sababu. Mama yangu alikuwa akisoma herufi za Kiarabu tu, na tarakimu. Alisomesha Kurani watoto wa mtaa mzima, barazani kwetu, asubuhi na alasiri, na sauti yake ya kusoma ilikuwa tamu hata wapita njia walipunguza mwendo. Maana ya Kiarabu hakuijua, wala hakudai kuijua. Alihifadhi kama alivyohifadhishwa. Kwake yeye kitabu kilichovikwa vizuri na kusomwa kwa makini ni kitabu cha elimu, na elimu haiwekwi chini. Nilirudi siku moja kutoka kazini nikakuta vitabu vyangu vya poka, vilivyokuwa ndani ya boksi chini ya kitanda, vimepangwa kwenye kabati la vioo ukumbini, rafu ya pili, chini tu ya misahafu. Kavifuta vumbi kwa pindo la kanga yake, kimoja kimoja. Alhamisi jioni alipofukiza udi nyumba nzima, alifungua na milango ya kabati. Sidhani kama kuna mahali pengine duniani vitabu vya kamari vinanukia udi wa Alhamisi.

Ningesema siku ile ile. Sikusema. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilidhani nimekaa tu, sijaanza safari.

Nilianza safari alasiri moja, watoto wa chuo wamekwisha ondoka. Nilikuwa nafanya hesabu kutoka kitabuni, karatasi imejaa mafungu: moja juu ya nane, moja juu ya sita, mbili juu ya tatu. Mama alikuja na kikombe cha chai, akainama, akaziona tarakimu.

"Mirathi hino?" aliuliza.

Nilikuwa na penseli mdomoni. Nikatikisa kichwa kukubali.

Aliweka chai, akakaa kwenye kiti cha pili, na nikaona macho yake yamejaa machozi. Nilimjua mama yangu kuwa mtu mkavu, asiyelia hata misibani. Alinishika kifundo cha mkono. "Soma, mwanangu. Soma uijue. Hapana atakayekuja kukudhulumu weye."

Kuna jambo la mama ambalo sote nyumbani tulilijua na hatukulitaja. Baba yake, babu yangu wa Wambaa, alifariki mama akiwa na miaka kama kumi. Aliacha mikarafuu sabini na miwili. Watoto wake walikuwa wawili tu, mama na kaka yake aliyekwisha kuwa mtu mzima, na kaka ndiye aliyesimamia mgawo. Mama alipewa mikarafuu kumi na saba. Alipokuwa msichana mkubwa, mwanamke mmoja mjuzi alimweleza kwamba mke wa marehemu huchukua thumuni, yaani moja juu ya nane, na kinachobaki mwanamume huchukua mawili na mwanamke moja. Mama akapanga komwe sakafuni. Akatoa tisa za mamake. Akagawa sitini na tatu zilizobaki mafungu matatu. Fungu lake likawa ishirini na moja.

Mikarafuu minne. Hakumuuliza kaka yake hata siku moja, maana mwanamke wa zama zile hamwulizi kaka yake mambo ya miti. Walisalimiana kwenye Sikukuu na kwenye harusi, wakapelekeana chakula, na katikati yao ikakaa ile minne. Mwenye kovu usidhani kapoa. Msimu wa karafuu ulipofika na mitaa yote ikanukia karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, watu wengine walifurahi na mama alikuwa na hasira ndogo ya wiki mbili tatu. Sisi watoto tulijifunza kutomwomba kitu wakati huo.

Kaka yake alipofariki tulikwenda Wambaa. Ndani walikokaa wanawake, kabla jeneza halijatoka, wifi yake mama alipita kwa kila mmoja, kama desturi, akimwombea mumewe radhi: mwenye kudai aseme, mwenye kusamehe asamehe. Kila mmoja alijibu amesamehe. Alipofika kwa mama, mama alimtazama usoni akasema, kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "Yangu ntamdai mbele ya Mungu."

Wanawake waliacha kujipepea. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mama alijifunga buibui lake, na magharibi haijaingia tukawa tumerudi Wawi. Matanga ya kaka yake hakuyakaa hata siku moja.

Sasa fikiria nilichokuwa nimekifanya kwa kutikisa kichwa. Niliona haya ya kitabu cha karata, nikampa mama yangu mtoto anayejua mirathi. Tangu siku ile alinitazama kwa heshima iliyonitia uchungu. Wageni wakija aliwakalisha kuelekea kabati. "Hivyo vyake," alisema, akiashiria kwa kidevu. "Elimu ya mafungu." Nilipoleta kipya kutoka Unguja yeye ndiye aliyekikatia kaki, kwa mkasi wake wa kushonea, akikunja pembe vizuri kuliko mimi. Na nikiri: zile zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote na vitabu hivi. Yeye anakunja kaki na mimi nasoma, redio inaongea peke yake, chai inapoa. Najua nilikuwa namdanganya, na bado nazitamani.

Mwaka wa tatu baada ya kufariki kaka yake, chuo cha Wambaa kilijenga chumba cha maktaba. Mama alikuwa kwenye hitima huko, akarudi na uso unang'aa. Alikwisha sema mbele ya wanawake wote: vitabu vya mwanawe vya mirathi vitawekwa wakfu pale, kwa ajili ya watoto wa kike, ili asije mwingine akapanga komwe sakafuni peke yake. Fundi alikwisha pewa kipimo cha rafu. Na mwanawe mwenyewe atakuja kutoa darasa la kwanza.

Nilisema, "Inshallah, mama," nikaenda jikoni nikakaa juu ya kibao cha mbuzi.

Nilifikiri kununua vya kweli nikabadilisha, kaki kwa kaki. Asingejua. Lakini darasa je? Wanawake wa Wambaa wangeniuliza fungu la dada, fungu la mjane, na mimi ningewajibu nini, kwamba wenye ree mbili wana nafasi nzuri? Siku tatu sikula vizuri. Ya nne, asubuhi, watoto wa chuo walipokwisha kuondoka na mama anakunja majamvi, nilimwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, tangu boksi la mwalimu wa fizikia.

Alibaki ameshika jamvi. "Kamari?"

"Kamari, mama."

"Ya pesa?"

"Sijacheza. Nasoma tu namna inavyochezwa."

"Ntu anasoma namna ya kuiba, nae asema haibi."

Aliliweka jamvi chini, akaingia ukumbini, nami nyuma yake. Alifungua kabati. Nilidhani atavitupa vitabu vyangu nje, na nilikuwa tayari kuviokota. Hakuvigusa. Alichukua misahafu yake, yote minne, akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaibeba kifuani mpaka chumbani kwake. Kabati akaniachia mimi. Laiti angenipiga, ningeumia kidogo kuliko vile. Nilivitoa vitabu vyote siku ile, nikavirudisha ndani ya maboksi, na kila nilichokishika kilinukia udi.

Siku mbili tulisemeshana salamu tu. Ya tatu aliniita barazani. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Rafu ya Wambaa imekwisha chongwa," alisema. "Mie sikusema uongo mbele za watu. Alosema uongo ni weye. Basi uufanye uwe kweli."

Nikaufanya. Likizo ile yote nilikaa na vitabu vya mirathi, vya Kiswahili nilivyovipata Chake Chake na vya Kiarabu vyenye tafsiri nilivyoviagiza Unguja. Hesabu zake ni nyepesi kuliko za poka. Ugumu wake ni watu: nani yu hai, nani kafa, nani kamzuia nani asirithi. Kabla ya fungu lolote unaandika waliokuwa hai saa ile marehemu alipokata roho. Ukikosea orodha umekosea yote, hata ukijumlisha kama malaika.

Mama aliona nasoma, na polepole akarudi. Kwanza chai. Kisha kiti cha pili. Kisha mkasi na kaki, maana na hivi vilihitaji kuvikwa. Siku moja kabla ya kuvipeleka Wambaa, baada ya sala ya asubuhi, aliketi mbele yangu kama mwanafunzi, akapakata mikono.

"N'onyeshe," alisema. "Anza na yangu."

Nilijua ni ipi. Nilichukua karatasi safi na penseli, na kusema kweli nilifurahi. Nilitaka kumwandikia ile ishirini na moja yake kwa mkono wangu, ya kitabuni, ili angalau mtu mmoja aliyesoma awe amemwambia: ulidhulumiwa kweli. Nilidhani hiyo ndiyo itakuwa kafara yangu.

"Siku aliyofariki babu, nani alikuwa hai?" nilimuuliza.

"Mama. Kaka. Mie."

"Baba yake babu?"

"Kafa zamani, sikumjua."

"Mama yake?"

"Bibi alikuwa mgonjwa wa kitandani," alisema, na sauti ikalainika, kama inavyolainika ya mtu akikumbuka utotoni. "Siku ile walimtoa na kitanda chake mpaka mlangoni, amuone mwanawe akipita kwenye jeneza. Alinyoosha nkono hivi. Hakufika. Nae hakumaliza wiki mbili, akamfuata."

Penseli yangu ilisimama.

"Kwa hivyo alikuwa hai, mama."

"Siku ile, ndiyo. Lakini miti iligawiwa baadae. Bibi kesha kuzikwa. Maiti harithi."

Sikutaka kuendelea. Mungu anajua, ningeweza kuandika ishirini na moja, nikafunga daftari, tukanywa chai. Alikuwa ananitazama kwa yale macho ya heshima yaliyorudi baada ya taabu nyingi. Uongo mmoja mwingine, mdogo kuliko ule wa mwanzo, na kila mtu angebaki na chake. Lakini alikwisha kuniambia niufanye uwe kweli, na uso wangu, kama alivyosema yule wa biolojia, hausitiri kitu.

"Nini?" aliuliza.

Nikamweleza. Fungu halingoji mgawo. Linaingia mkononi mwa mtu pale pale marehemu anapokata roho, hata kama miti yenyewe haijahesabiwa. "Ni kama karata, mama. Ikishagawiwa ni yako, hata ikiwa bado imelala kifudifudi hujaifunua." Bibi alikufa na sudusi yake, moja juu ya sita, mkononi, nayo ikaenda kwa mwanawe aliyebaki hai, ami yake mama, kwa kuwa mwana huwazuia wajukuu. Nikaandika, naye akifuata tarakimu kwa kidole. Sabini na miwili. Mjane tisa. Bibi kumi na miwili. Imebaki hamsini na mmoja. Kaka thalathini na minne.

Mstari wa mwisho aliuhesabu mwenyewe kabla sijauandika.

"Kumi na saba," alisema.

"Kumi na saba, mama."

Kuku walikuwa wanaparua uani. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Hiyo ya karata, umeisoma kwenye vile vitabu vyako?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Halafu akajifunika uso kwa kanga, na nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilimshika mabega. Alikuwa anarudia maneno yale yale ndani ya nguo: "Nimesema mbele za watu. Nimesema mbele ya maiti yake. Sasa yeye ndiye anidaiye mie."

Kesho yake tulipeleka vitabu Wambaa. Darasa lilikuwa la alasiri, na nililitoa, na wanawake walijaa mpaka nje, lakini silikumbuki vizuri. Ninachokikumbuka ni kabla ya hapo, nyumbani kwa marehemu kaka yake mama. Wifi yake mama alikuwa amezeeka sana. Mama alikataa kiti, akakaa chini, karibu na miguu yake.

"Wifi," alisema, "siku ile nilikwambia yangu ntamdai mbele ya Mungu. Nimekuja kukwambia sina. Sikuwa nacho tangu mwanzo. Bibi alikuwa hai."

Yule mzee hakuonyesha kushangaa. "Karatasi ya kadhi imo sandukuni mpaka leo. Imeandikwa yote. Kila mwaka nilimwambia, mpelekee nduguyo akaione. Akasema hapana, ataona namhukumu, atahuzunika. Siku atayouliza, akasema, ntamsomea." Akamshika mkono. "Hukumuuliza, wifi."

Nilingoja mama ajitetee. Hakujitetea. Nilipomaliza darasa nikaja kumchukua turudi Wawi, nilimkuta amekaa ukumbini juu ya jamvi, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, msahafu mapajani, na wifi yake pembeni. Alisema mimi nitangulie, yeye anakaa. Alikaa siku tatu kamili. Mlango ulikuwa wazi, na kila aliyepita akamwona vile, kwa kanga zake za msiba, alibisha hodi akauliza kwa hofu nani kafa.

"Kaka yake," wifi yake aliwajibu.